Muziki wa Magotini

Pikipiki ya Besi ilisikika kabla haijaonekana. Mdundo ulianzia kule nyuma ya maghala, mabati ya vibanda yakaanza kutetemeka, halafu ndiyo yenyewe inachomoza kwenye kona, nyekundu, spika mbili zimefungwa chini ya usukani kama masikio ya tembo, na ya tatu, ile kubwa, imebanwa ubavuni mwa tangi la mafuta, pale goti linapoegemea. Wauza viatu waliacha kupanga viatu vyao wakacheza kidogo. Watoto wa shule walimpungia. Besi naye aliwapungia wote, mkono wa kushoto juu, kichwa kikifuata mdundo, mithili ya bwana harusi anayepita katikati ya wageni wake.

"Haya, sherehe imefika," alisema Kiberiti kila asubuhi pale kituoni. Kiberiti alikuwa mwendesha pikipiki mfupi, mwepesi wa kuwaka na mwepesi wa kucheka. "Wenzako tunatafuta abiria, wewe unatafuta wachezaji."

"Wivu huo," Besi alimjibu. "Pikipiki yako inakohoa mpaka abiria wanaipa pole."

Kituo kizima kikaangua kicheko. Besi naye akacheka, kitambo kidogo sana baada ya wenzake.

Kitambo hicho hakuna aliyekiona. Besi alikuwa akisubiri kuona meno ya watu ndipo ajue pa kuchekea, kwa sababu Besi hakuwa akisikia. Si mzaha wa Kiberiti, si honi za magari, si huo muziki wake uliompa jina.

Mambo yalianza mwaka uliopita, baada ya homa kali iliyomlaza hoi. Alipoinuka kitandani sikio la kulia lilikuwa likivuma kama bomba la maji lililosahauliwa wazi. Baadaye mvumo ule ukakatika na kila kitu upande ule kikakatika nao, kisha la kushoto nalo likaanza safari hiyohiyo. Daktari wa masikio alimwekea chuma cha baridi cha kupimia usikivu nyuma ya sikio, akamwangalia usoni, akakisogeza, akamwangalia tena. Mwisho akamshika bega. Besi hakuhitaji maneno, mkono ule begani ulikwisha kumwambia yote.

Mtu mwingine angezima redio. Besi aliongeza sauti. Alikuwa amegundua jambo ambalo hakumwambia mtu: mtu aliyezungukwa na muziki haulizwi kwa nini hakuitika. Abiria akimsemesha njiani, yeye alinyoosha kidole kwenye spika na kucheka, "Samahani, ndugu yangu, muziki!" nao walicheka, au walinuna, lakini hawakushuku. Alikuwa na utaratibu wake. Kabla ya kuwasha alimtazama abiria mdomoni, akamuuliza anakwenda wapi, akalirudia jina la mahali ili asikosee. Alifunga kioo cha ziada chini ya kile cha kulia. Injini aliijua kwa nyayo: ikihitaji kubadilishwa gia, visigino vilimwambia.

Mkewe ndiye aliyekuja kumfumania, kwa bahati mbaya ya kuchekesha, ingawa hakuna aliyecheka.

Mkewe alikuwa mpiga pasi katika kiwanda cha kufulia mashuka ya hoteli na hospitali. Kila asubuhi Besi alimpeleka kazini kabla ya kwenda kituoni. Asubuhi hiyo flashi ya nyimbo ilikuwa imelegea mahali pake na spika zilikuwa zikitoa mkwaruzo mtupu, kama mafuta yanayokaanga kitu. Mkwaruzo ule ukaendelea mtaa mmoja, ukaendelea mtaa wa pili. Na mbele yake mumewe alikuwa akitikisa kichwa, taratibu, kwa raha zake, akifuata wimbo ambao haukuwepo.

Akamwita kwa upole. Akamwita kwa nguvu. Kisha akamtupia tusi ambalo hajawahi kulitamka tangu waoane, akalitupa kabisa, kisogoni. Kichwa kiliendelea kucheza.

Besi alihisi shati limelowa mgongoni. Akatazama juu kuona kama manyunyu yameanza. Mbingu ilikuwa nyeupe, haina hata wingu la dawa.

Walipofika getini mkewe alishuka, akamshika uso kwa mikono yote miwili, akamwambia polepole ili midomo isomeke, "Tangu lini?"

Baada ya siku ile Besi alifanya mambo mawili. La kwanza, alifunga ile spika kubwa ubavuni mwa tangi, ili goti limwambie kama muziki unapiga au umekatika. Goti lilikuwa mwanafunzi mzuri. Ndani ya muda mfupi liliweza kutofautisha wimbo na wimbo, alimradi una mdundo mzito. Zile nyimbo za gitaa jepesi alizozipenda tangu ujana, zenye sauti ya mwanamke inayopanda taratibu mpaka mtu anasisimka, alizifuta moja baada ya nyingine, maana goti halikuzisikia.

La pili walilifanya pamoja. Mkewe alitunga lugha. Kidole begani kulia, kata kulia. Kushoto, kushoto. Kumbana kiuno, simama. Na viganja vyote viwili kupiga mabegani, pa-pa-pa-pa, maana yake tumechelewa, vuta mafuta! Hiyo ya mwisho ndiyo waliyoitumia zaidi, kwa kuwa msimamizi wa kiwanda alikuwa mtu wa kufunga geti na kujifanya hajui aliyebaki nje. Mkewe akipiga mabega, mkono wa Besi ulijibu wenyewe, pikipiki ikaruka mbele, naye akacheka na kumkumbatia kwa nyuma. Kilikuwa kitu kizuri. Ilikuwa lugha ya watu wawili tu duniani, na Besi kuna asubuhi alizofikiri kwamba hajapoteza kitu.

Lakini mkewe alikuwa hali akashiba.

"Siku utakapomgonga mtu, je?" alimuuliza jioni moja. Siku hizi hawakuzima taa mapema, maana gizani mazungumzo yao yalikufa. "Au siku abiria atakapohitaji kukwambia jambo?"

"Naona kila kitu. Nina vioo vitatu."

"Vioo haviiti."

"Sasa unataka nikafanye nini, nikae jikoni nihesabu masufuria?"

"Njoo kiwandani. Kwenye chumba cha mashine wanahitaji mtu." Alimgeuza uso uelekee kwenye taa. "Nisikilize, bwana wee. Yaani, nitazame. Mle ndani mashine zinanguruma hivi kwamba hakuna binadamu anayesikia. Wote wanaongea kwa mikono. Leta kapu, maji ya moto, njoo tule, yote kwa mikono. Wanataniana kwa mikono, wanasutana kwa mikono. Utaingia pale utakuwa kama wenzako."

"Mimi? Besi? Nikakunje mashuka?"

"Mimi nakunja. Nimepungua nini?"

Akavaa uso wa mbuzi. Mwishowe, ili alale kwa amani, akamwapia: hatabeba tena abiria isipokuwa yeye. Mizigo tu. Magunia, maboksi, mitungi ya gesi, vitu visivyokuwa na la kusema.

Kiapo alikishika. Kituoni alisema mizigo haina maneno mengi, na hilo lilikuwa kweli kuliko walivyojua. "Besi anawaogopa binadamu," Kiberiti alitangaza. "Juzi nimemwona amepakia kabati, amelifungia mkanda, anaimbia kabati."

"Kabati halinuki kikwapa kama abiria wako," Besi alijibu, na meno yote yakaonekana, naye akacheka.

Ikafika asubuhi moja ya Ijumaa. Mwenyekiti wa kituo alikuja kwa miguu, ameshika boksi, na nyuma yake anakuja mdogo wake wa kike.

Mwenyekiti alikuwa mtu mpana, mpole, asiyepayuka. Ndiye aliyemfundisha Besi kuendesha, enzi Besi hajui hata gia ya kwanza iko wapi, tena alimfundisha kwa pikipiki yake mwenyewe na kukubali ichubuliwe. Mdogo wake huyo alikuwa kitinda mimba, wazazi walifariki angali mchanga, na kaka mtu ndiye aliyemlea, akamsomesha mpaka akawa mwalimu wa chekechea. Kituo kizima kilimwita Ticha. Waendesha pikipiki wenye watoto walijua nyimbo zake zote za kuhesabu vidole.

"Besi," Mwenyekiti alisema. Alikuwa na desturi ya kuzungumza akimtazama mtu machoni, na kwa hilo peke yake Besi alimpenda. "Nipelekee huyu shuleni. Watoto wake wana maonyesho leo, wazazi wamekwisha kukaa vitini, na yeye bado yuko hapa anahangaika na mataji ya karatasi."

"Mpe Kiberiti."

"Kiberiti anaendesha kama amefumaniwa." Watu wakacheka. "Nataka nimpe mtu ninayemwamini."

"Mimi siku hizi nabeba mizigo, Mwenyekiti."

"Basi nibebe kama mzigo," Ticha alisema. "Si mnasema wenyewe mimi ni mwembamba kama fagio?"

Kicheko tena. Besi alitafuta neno la kujinasua. Alitafuta kweli. Angeweza kusema tairi halina upepo, lakini lilikuwa pale mbele yao, limejaa. Angeweza kusema anasubiri mzigo wa mtu, lakini Mwenyekiti angemwambia mzigo usubiri. Lililobaki lilikuwa moja tu, lile la kweli. Nyuso zote zilikuwa zinamtazama, zina furaha, zinamngoja. Akaona jinsi ambavyo zingebadilika. Huruma kwanza. Halafu wangeshusha macho. Halafu asingekuwa Besi tena.

"Panda, Ticha," akasema.

Ticha aliketi upande, akakusanya gauni lake chini ya mapaja, akalipakata boksi. Alikuwa amevaa mtandio mweupe mrefu. Akauzungusha shingoni mara moja kukinga vumbi, ncha ikaning'inia nyuma. Mwenyekiti akamvalisha kofia ngumu kama mtoto, akamgonga juu yake kwa kifundo cha kidole. Kwenye kioo, Besi aliona midomo ya Ticha ikisema kitu. Hakukipata. Akatikisa kichwa kukubali, akakirudisha kioo kitazame barabara, akafungua muziki, akauongeza mpaka goti likajaa.

Aliuongeza makusudi, ili Ticha asimsemeshe.

Barabara ilikuwa nzuri, imekauka, magari si mengi. Wakapita kituo cha mafuta, wakapita karakana ya masofa. Mwendesha pikipiki mmoja asiyemfahamu aliwafikia, akaenda nao sambamba, akinyooshea kidole upande wa nyuma huku mdomo wake ukipanuka na kufunga. Besi akampungia. Watu wengi walimfanyia hivyo, walipenda spika. Yule mtu akatikisa kichwa kwa nguvu, akanyoosha tena. Besi akamwonyesha dole gumba, akampita.

Mbele kidogo mwanamke aliyekuwa akifagia mbele ya duka alitupa ufagio, akaruka ukingoni mwa barabara akipunga mikono yote miwili. Besi akainua mkono wa kushoto, akatabasamu. Lori lililokuwa likija likamwashia taa, likazima, likawasha tena.

Leo wamechangamka, akawaza.

Ndipo viganja vikatua mabegani mwake. Vyote viwili. Pa-pa-pa-pa.

Kama Besi angekuwa na muda wa kufikiri hata nusu ya wazo, angekumbuka kwamba aliyeketi nyuma si mkewe. Lakini mkono wa mafuta haukungoja wazo. Ulikuwa umefundishwa, asubuhi nenda asubuhi rudi, kwa mapenzi na kwa kicheko. Viganja vilipiga na mkono ukaitikia. Pikipiki ikaruka mbele. Viganja vikapiga tena, kwa fujo zaidi, na yeye, akikumbuka wazazi waliokwisha kukaa vitini, akavuta mafuta yote.

Kisha pikipiki ilivutwa kwa nyuma, kama mtu ameshika mkia wake, ikayumba. Kisha ikawa nyepesi.

Alipofanikiwa kusimama alikuwa amevuka tuta. Goti lilikuwa bado linapigwa na mdundo. Akageuka.

Mtandio ulikuwa umeingia wote kwenye gurudumu la nyuma, umejisokota katikati ya spoki kama kamba kwenye kigingi, mweusi kwa grisi. Ticha alikuwa amelala barabarani, kule nyuma, upande, kama alivyoketi. Boksi lilikuwa limepasuka, na mataji ya karatasi, ya manjano na mekundu na ya buluu, yalikuwa yakibingirika kwenye lami kila mahali, upepo ukiyasukuma chini ya magari yaliyosimama. Watu walikuwa wakikimbia kutoka pande zote. Midomo yao yote ilikuwa wazi. Besi alitazama mdomo huu, akatazama ule, na hakuna hata mmoja uliokuwa na sauti.

Ticha aliishi siku chache. Shingo na koo vilikuwa vimeumia vibaya, lakini alizinduka mara moja, akazungumza na kaka yake kwa kunong'ona, kisha hakuzungumza tena.

Askari wa barabarani waliandika kile walichokiona, nacho ni mtandio na gurudumu. Walikwisha kuona ajali kama hizo.

Nyumbani Besi alikaa sakafuni, mgongo ukutani, hali, hanywi. Mkewe akaja akaketi mbele yake, akampandisha kidevu.

"Hakufanya chochote?" akamuuliza. "Hakukugusa? Hakukubana?"

"Alinipiga mabegani."

"Bega lipi?"

Besi aliinua mikono yake akaipiga hewani, polepole, yote miwili.

Mkewe alitazama viganja vyake mwenyewe, vile vilivyokakamaa kwa mvuke na pasi. Alivitazama muda mrefu, kama vitu alivyoviokota mahali asipokumbuka. Kisha akavificha chini ya makwapa.

"Mimi ndiye niliyekufundisha," alisema.

"Hapana. Wewe ulinifundisha nikubebe wewe tu. Mimi ndiye niliyeapa."

Huo ndio ulikuwa msiba wao wa ndani, ambao hawakuweza kuupeleka kwenye msiba mkubwa. Kule, siku ya maziko, Mwenyekiti alimshika Besi mkono mbele ya watu wote na hakuuachia. Alikuwa amekonda usiku mmoja. "Aliniambia alikuita," alisema. Midomo yake ilikuwa imepasuka na ilisomeka kwa shida. "Alikuita mpaka sauti ikamkauka. Nikamwambia, mdogo wangu, msamehe, ni ule muziki. Akasema amekusamehe."

Besi alifumba macho, na Mwenyekiti akadhani analia tu.

Baada ya matanga, kituo kilikutana. Haukuwa mkutano wa viti. Walisimama duara, mchana kweupe, pikipiki ya Besi ikiwa katikati, imerudishwa kutoka polisi, ina gurudumu jipya ambalo wenzake walikuwa wameliweka bila kumwambia. Mkewe alikuja naye mpaka hapo, kisha akavuka barabara, akasimama upande wa pili karibu na wauza viatu. Njia nzima hakumwambia afanye nini.

Mwenyekiti alisema maneno machache. Tangu siku hiyo, hakuna pikipiki ya kituo kile itakayopiga muziki. Atakayeona vibaya akatafute kituo kingine. Kiberiti, ambaye kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha, alipiga magoti kando ya pikipiki nyekundu akiwa na bisibisi. Akafungua spika ya kwanza, akafungua ya pili. Ile kubwa ilikuwa imekazwa sana, akaing'oa kwa mikono, machozi yakimdondoka kwenye tangi. Zikawekwa chini. Mwenyekiti akachukua nyundo, akazipiga moja moja, bila hasira, kama mtu anayeponda mawe kwa ajili ya ujenzi. Besi aliziona zikipasuka. Vipande viliruka, na hakuna kilicholia.

Kisha Mwenyekiti akaja mbele yake na ufunguo.

"Wako watu wanaotaka nikufukuze," alisema, akimtazama machoni kama siku zote. "Nimekataa. Ticha harudi kwa wewe kulala na njaa. Mimi ndiye niliyekupa umbebe, na ningekupa tena. Wewe si mtu mbaya, Besi. Ulikuwa na tabia mbaya moja tu, na ile pale, imekwisha." Alionyesha vipande. "Sasa utasikia. Mtu akikuita, utasikia."

Akamwekea ufunguo kiganjani, akamkunjia vidole juu yake.

Wenzake wakamsogelea, wakampigapiga mgongoni. Mmoja baada ya mwingine walikuwa wakisema pole, jikaze, ndiyo kazi. Na kwa sababu maisha hayasubiri mtu amalize kulia, kulikuwa tayari na abiria pale pembeni: mama mmoja kijana, mtoto mgongoni, ameshika mwavuli, anamtazama Besi kwa kuwa pikipiki yake ndiyo iliyokuwa mbele. "Kliniki," midomo yake ilisema. "Nipeleke kliniki, kaka. Polepole, nina mtoto."

Ilikuwa rahisi mno. Wala hakuhitaji kusema uongo. Uongo ulikuwa umekwisha kusemwa kwa niaba yake na watu wema, umepigwa nyundo, umefagiliwa pembeni. Alichotakiwa kufanya ni kunyamaza, kupanda na kuwasha. Wangemwona akiendesha kimyakimya, mnyenyekevu, na wangesema mtu amejifunza. Angekuwa bado Besi, au angalau angekuwa bado mwenzao. Na mama huyu angeketi nyuma yake, na mtoto nyuma ya mama, na safari hii hata goti lisingekuwa na cha kumwambia.

Akatazama ng'ambo ya barabara. Mkewe alikuwa amesimama wima, mikono bado makwapani.

Besi akamgeukia Mwenyekiti.

"Nenda pale nyuma," akasema. Alijua sauti yake inatoka, kwa kuwa kifua kilitikisika. "Pale kwenye nguzo ya umeme. Mimi nitakupa mgongo. Uniite."

"Nikuite?"

"Niite, kaka. Kwa nguvu zako zote. Kama alivyoniita yeye."

Mwenyekiti hakuelewa, lakini akaenda. Kiberiti alimshika Besi mkono, uso umejaa swali, na Besi akautoa mkono ule taratibu. Akauweka ufunguo juu ya kiti cha pikipiki. Akawapa mgongo wote, akatazama barabara, akangoja.

Hakukuwa na kitu. Kulikuwa na ukimya uleule, mnene, aliokuwa akiuvalisha nyimbo kwa mwaka mzima ili mtu asiuone uchi wake. Muuza viatu alikuwa akifuta kiatu cha kike. Mzee mmoja alikuwa akivuka barabara akisukuma baiskeli. Labda Mwenyekiti hajafika kwenye nguzo. Labda amefika na ameshindwa.

Kisha muuza viatu akainua kichwa. Mzee wa baiskeli akasimama katikati ya barabara. Yule mama kijana aligeuka ghafla, na mtoto mgongoni mwake akashtuka, akakunja uso, akafungua mdomo mkubwa wa kilio. Njiwa waliruka wote kwa pamoja kutoka juu ya ghala. Ng'ambo ya barabara mkewe alikuwa ameitoa mikono makwapani na kujiziba mdomo. Mtaa mzima, kila mwenye uso, ulikuwa ukitazama kitu kilichoko nyuma ya bega lake.

Ndipo Besi akajua kwamba ameitwa.

Hakugeuka. Aliwaona wakimtazama yeye sasa, si nguzo tena, akaona nyuso zikibadilika kama alivyojua zitakavyobadilika. Akangoja kitakachokuja. Kama ni ngumi, iwe ngumi.

Viganja vikatua mabegani mwake. Vyote viwili. Lakini havikupiga. Vilitua vikabaki pale, vizito, vya mtu mpana anayetafuta pa kujishikiza asianguke. Besi akakaza miguu ili aweze kumbeba. Kupitia mabegani, kama alivyokuwa akisikia nyimbo kwa goti, akamsikia Mwenyekiti analia.